Nimekisoma kitabu cha kamera mara mbili, mbona sura za watu bado zinatoka nyeusi?

"Shikamoo mwalimu. Niko Tanga. Mjomba wangu aliyekuwa akiishi Uingereza amenipa kamera ya Nikon D3500 na lenzi yake ya 18-55, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza cha kuwafundisha wanaoanza. Nimekisoma mara mbili. Kinasema mpiga picha wa kweli hutumia M, na ISO isizidi 400 la sivyo picha itaharibika. Nikiwa nje mchana picha si mbaya, ila sura za watu zinatoka nyeusi. Nikiingia ndani ndiyo balaa: ama giza, ama picha haijakaa sawa. Simu yangu inapiga vizuri kuliko kamera! Tena kitabu kinataja Av na Tv, kwenye kamera yangu sizioni. Sasa jirani ameniomba nimpigie picha za sendofu ya binti yake mwezi ujao, kwa malipo. Je, ninunue lenzi nyingine, nitafute kitabu kingine, au niiuze hii nichukue zile za kisasa zisizo na kioo ndani?"

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kukimaliza kitabu hicho; wengi huishia sura ya pili, kamera ikarudi kabatini. Nimeyapitia maswali yako nikaona nyuma yake kuna hofu moja: umesoma, umefuata, na picha hazitii, kwa hiyo lazima kuna kitu kibovu, ama kamera, ama kitabu, ama wewe. Kamera yako ni nzima kwa kadiri ninavyoona kwenye maelezo yako. Wewe nawe huna tatizo. Kitabu si kibaya, ila kimeandikwa kwa kamera nyingine, chini ya jua jingine, kwa mifano ya watu wenye rangi nyingine ya ngozi, na kwa ile hofu ya ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) nahisi kina umri kidogo.

Nianze na jepesi. Av na Tv ni herufi za Canon. Kwenye Nikon, Av ni A na Tv ni S. A maana yake wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, kamera inapanga kasi ya shata, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga. S ni kinyume chake. P (kamera inapanga vyote viwili) na M zinafanana kote. Kwa mambo ya vitufe usikitegemee kabisa kitabu cha mjomba. Pakua mwongozo kamili wa D3500 kwenye tovuti ya Nikon, ni bure. Mwongozo wa kampuni unakwambia kitufe kinafanya nini. Kitabu cha mjomba kinakwambia ukibonyeze lini. Unavihitaji vyote viwili. Na kwenye gurudumu la juu la kamera yako kuna neno GUIDE, ambalo wengi hulidharau. Ligeuzie hapo siku moja uone linavyokuuliza unataka kupiga nini, kisha linakuonyesha mipangilio. Halina aibu yoyote.

Sasa M, ambapo unapanga tundu na shata mwenyewe. M si cheo. Kamera yako ina mita inayopima mwanga uliopita kwenye lenzi. Ukiwa kwenye M ukachungulia, unaona mstari wenye sifuri katikati, nawe unazungusha mpaka alama zifike kwenye sifuri, si ndiyo? Basi ulichofanya ni kile kile ambacho A ingekifanya kufumba na kufumbua, kwa mita ile ile. Mita ikidanganyika, mmedanganyika wote wawili, tofauti ni kwamba wewe umechelewa na bibi harusi ameshageuka. M ina kazi yake: studio, flashi ya nje, au jukwaa ambalo taa hazibadiliki ila nguo za wanaopita zinabadilika. Kwa mtu anayeanza, A ndiyo inayofundisha haraka, kwa sababu unashughulika na jambo moja tu huku ukitazama kamera inafanya nini na mengine.

Hapo kwenye mita ndipo tatizo la sura nyeusi lilipo, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu vitabu vingi hupita haraka. Mita haijui inatazama nini. Haijui huyu ni bibi yako, ile ni bahari, na kile ni ukuta uliopakwa chokaa. Inaona tu kiasi cha mwanga, na imeundwa kudhani kwamba dunia kwa wastani ina wangavu wa kijivu cha kati. Mpe mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: nyeupe imejaa kwenye picha, mita inaona "mwanga umezidi", inapunguza. Kanzu inatoka kijivujivu, na sura, ambayo tangu mwanzo ilikuwa chini ya wastani ule, inazama gizani. Vivyo hivyo ukimsimamisha mtu mbele ya bahari saa sita mchana au mbele ya dirisha.

Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama ya +/- karibu na kitufe cha kupigia. Ukiwa kwenye A, kishikilie, zungusha gurudumu hadi +1, piga tena. Sura bado nyeusi? Nenda +1.7. Kuna upande wa pili pia, ambao husahaulika: ukimpiga mtu mweusi sura ikajaa fremu nzima, amevaa nguo nyeusi, nyuma yake kuna giza, mita itaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi yake nzuri itapauka kama imepakwa unga. Hapo unashuka hadi -0.7 hivi. Kitabu chako bila shaka kina ukurasa unaofundisha kuongeza mwanga ukipiga picha kwenye theluji. Tanga theluji hakuna, na nadhani uliuruka ukurasa huo. Urudie. Kikisema theluji, wewe soma kanzu, shela, mchanga wa pwani na chokaa.

Ila kuna bei. Ukiinua mwanga kwa ajili ya sura, sehemu nyeupe zinaweza kuungua, yaani zikabaki nyeupe tupu bila nakshi wala mikunjo. Ingia kwenye menyu ya kutazamia picha uwashe onyo la sehemu zilizoungua. Zitakuwa zinapepesa kwenye skrini. Ukuta ukipepesa nyuma, acha upepese. Gauni la bibi harusi likipepesa, shusha kidogo, au msogeze asimame pasipo na tofauti kubwa hivyo ya mwanga. Kumsogeza mtu hatua tatu mara nyingi kunashinda mipangilio yote.

Hapo linaingia suala la jua. Vitabu vya Ulaya husifia saa ya dhahabu, ile saa kabla ya jua kuzama, na si uongo. Lakini kule London mwezi wa Juni jua hushuka kwa mshazari, likijikokota pembeni. Hapa kwetu, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, linashuka karibu wima. Kutoka pale mwanga unapolainika hadi jua kugusa upeo wa macho una nusu saa, si saa nzima, na baada ya hapo giza halikusubiri. Kwa hiyo ukipanga kupiga jioni, watu wawe wameshavaa na kusimama mahali pao kwenye saa kumi na moja na nusu. Mchana nako jua letu linakaa juu ya utosi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakuwa juu kabisa ya Tanga. Ndiyo maana macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Usipambane nalo. Mwingize mtu kwenye kivuli cha mwembe au ukingoni mwa baraza, lakini mgeuze atazame nje kwenye mwanga. Kama mbele yake kuna ukuta mweupe wa jirani unaopigwa na jua, umepata taa ya bure.

Ndani ya nyumba ni habari nyingine, na hapa ile kauli ya ISO 400 ndiyo iliyokuponza. Chukua sebule yenye taa ya kawaida usiku. Lenzi yako ukiivuta hadi 55 tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kwa mwanga kama huo, kwenye ISO 400, kamera inaweza kuhitaji shata ikae wazi kwa moja ya nane ya sekunde. Hakuna binadamu anayecheka wala kutembea atakayetulia muda huo. Sasa kila ukizidisha ISO mara mbili, muda unapungua nusu: ISO 800 ni 1/15, 1600 ni 1/30, 3200 ni 1/60, 6400 ni 1/125. Mwanga ni ule ule, lenzi ile ile, lakini umetoka kwenye picha isiyofaa kitu hadi picha inayokubalika. Chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, zitaonekana, kweli. Kamera za kidijitali za zamani zilikuwa zinaharibu picha mapema sana, na onyo la kitabu chako linatokana na enzi hizo. D3500 ni ya mwaka 2018. ISO 3200 yake inasafishwa vizuri, na 6400 inafaa kwa picha za simu na za kuchapa ukubwa wa albamu. Picha yenye chenga mteja anaweza kuipenda. Iliyotikisika ataitupa.

Kwa hiyo, kwenye menyu tafuta mipangilio ya ISO, washa ISO ya kujipanga yenyewe, weka kikomo cha juu 6400 na kasi ya chini ya shata 1/125. Kisha baki kwenye A. Watu wakianza kucheza, nenda S, weka 1/250. Na jitahidi usiivute lenzi bila sababu: kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, ambayo inaingiza mwanga mara mbili na nusu ya ile f/5.6 ya kwenye 55. Sogea kwa miguu. Usisogee mno ukiwa kwenye 18 lakini, maana pua za watu zitavimba nao hawatakusamehe. Karibu na 35 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Umesema picha "haijakaa sawa", na hilo ni jina moja la magonjwa matatu. Ifungue kwenye skrini, ikuze, utazame. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, hata ukuta na fremu ya mlango, ni mkono wako: ongeza kasi ya shata, bana viwiko mbavuni. Kama ukuta umetulia na mkono wa mtu ndio umevutika, yeye ndiye aliyesogea. Hapo ni kasi ya shata tu itakayokusaidia. Ile VR, kama imeandikwa kwenye lenzi yako, inatuliza mtikisiko wa mikono yako, haimtulizi anayecheza. Na kama maua ya mezani yako safi kabisa huku sura nyuma yake imefifia, fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga pawe safi, imekwenda pasipotakiwa. Kamera yako ina pointi 11 za fokasi, na ukiiachia ichague yenyewe, mara nyingi hukimbilia kilicho karibu zaidi. Ibadilishe iwe pointi moja, tumia ya katikati, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye mwanga hafifu, iweke kwenye jicho, bonyeza nusu, kisha panga picha yako upige.

Kuhusu simu kukushinda, usione aibu. Simu ya siku hizi haipigi picha moja. Inapiga kadhaa kwa mfululizo, inaziunganisha, inatafuta sura na kuiangaza, inafuta chenga, kisha inakuonyesha kama vile ni rahisi. Kamera yako inakupa mwanga wa mara moja tu na kukuachia wewe maamuzi. Piga kwa RAW (faili ghafi ya kusafishwa baadaye) pamoja na JPEG (picha ya kawaida) kwa wakati mmoja, kadi ikiruhusu. Siku utakapojifunza kusafisha picha kwenye kompyuta utashangaa sura ngapi ulizodhani zimepotea gizani zinarudi. Zilizoungua hazirudi.

Je, ununue kitabu kingine? Hapana, badilisha namna ya kukisoma hiki. Umekisoma kama riwaya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukifika sura ya kumi ile ya tatu imeshafutika. Fanya hivi: ukirudi kutoka kupiga, chagua picha tatu zilizoharibika. Tazama taarifa zake kwenye skrini: kasi ya shata, tundu, ISO, lenzi ilikuwa kwenye ngapi. Andika pembeni ni ugonjwa upi kati ya hiyo niliyoitaja. Kisha nenda kwenye faharasa nyuma ya kitabu, soma kurasa zile tu zinazohusu ugonjwa huo, na kesho yake rudi ukapige kitu kile kile mahali pale pale. Usiguse sura ya mandhari kama huna mpango wa kupiga mandhari.

Lenzi? Ukitaka kununua kitu kimoja, kwa kazi za ndani ningekushauri uanze na flashi ya nje inayoinama, uielekeze kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi laini. Ile ndogo iliyomo kwenye kamera ina nguvu kidogo: kwenye ISO 100 na f/5.6 inafika mita 1 na robo tu. Ukipandisha ISO hadi 1600 inafika mita 5, lakini inampiga mtu usoni moja kwa moja na kumtoa jasho hata kama hana. Flashi ya kuinamisha nayo ina mipaka yake. Ukumbi wa paa la makuti au dari iliyo juu sana haurudishi kitu. Hapo ndipo lenzi ya 35mm f/1.8G ya aina ya DX, iliyotengenezwa kwa kamera kama yako, inapokuwa na maana: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ukienda kununua iliyotumika, tahadhari na 50mm f/1.8D ya zamani. Bei yake inavutia na wauzaji wanaisifu, lakini D3500 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake, kwa hiyo utaizungusha kwa mkono kila picha.

Kamera zisizo na kioo (mirrorless) nisizikosee haki. Zina faida moja inayogusa shida yako hasa: unachungulia na kuona mwanga wa picha kabla hujapiga, na nyingi zinalifuata jicho la mtu zenyewe. Nikon imeshaacha kutengeneza D3500, kwa hiyo ukiiuza hutapata kikubwa, na fedha utakayoongeza ni ya mwili wa kamera pamoja na lenzi. Kama ungekuwa huna kamera kabisa ningekushauri vingine. Unayo, betri yake kwa kipimo cha kiwanda inapiga picha zaidi ya 1,500, na lenzi zake zilizotumika zimejaa. Kaa nayo.

Kuna mambo ambayo kitabu wala mimi hatuwezi kuyatibu kwa maandishi. Unaishi pwani, na unyevu wa Tanga huotesha ukungu ndani ya lenzi. Imulike kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, mpelekee fundi mapema, na hifadhi vifaa kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Ukiona madoa yale yale mahali pale pale kila ukipiga anga kwa f/16, ni vumbi kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera: usilifute kwa kitambaa wala kulipuliza kwa mdomo. Na kama fokasi inakosea kila mara hata kwa kitu kilichotulia, jaribu kukipiga kitu hicho mara moja kwa kuchungulia na mara moja kwa kutumia skrini. Ya skrini ikiwa safi na ya kuchungulia ikawa imefifia kila safari, kamera inahitaji kurekebishwa na fundi, kwani kwenye menyu ya D3500 hakuna marekebisho hayo.

Sasa sendofu ya jirani. Mwanangu, usiibebe peke yako. Mwezi mmoja hautoshi kwa ukumbi wa usiku wenye taa za rangi, na kamera yako ina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikigoma, sherehe ya watu imekwenda na haitarudiwa. Mwambie ukweli jirani mapema, amtafute mpiga picha mzoefu, nawe umwombe huyo mpiga picha umsaidie kubeba taa na kupiga pembeni. Jioni moja ukitazama anasimama wapi na anaelekeza flashi wapi itakufundisha mambo ambayo kitabu huyataja kwa mstari mmoja. Ila kuna sehemu unayoweza kuifanya vizuri kabisa tangu sasa, hata kwa malipo kidogo: picha za familia nyumbani, saa kumi na moja na nusu jioni, barazani, kabla hawajatoka kwenda ukumbini. Nenda siku moja kabla, saa ile ile, uone mwanga unaangukia wapi, na mpige hata mdogo wako aliyevaa kanzu ujue +/- yako ikae kwenye ngapi.

Ukitaka nikuangalizie, nitumie tatu zilizoharibika, usinichagulie nzuri. Ukizituma WhatsApp, ziambatishe kama dokumenti, maana zikienda kama picha za kawaida zile taarifa za shata na ISO hufutwa njiani, nami nitabaki kubahatisha.